Kunasa hewa ukaa kwa kemikali: joto linapotelea wapi kwenye mnara wa pili?

Mnara wa Pili (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwa miaka minne nilisimamia mtambo mdogo wa kutengeneza hewa ukaa katika kiwanda kimoja cha vinywaji hapa Dar es Salaam. Mtambo ule ulikuwa ukichoma dizeli, si kwa ajili ya umeme, bali kwa ajili ya moshi wenyewe. Moshi ulipoozwa na kuoshwa kwa maji, kisha ukapandishwa kwenye mnara ambamo ilitiririka monoethanolamini iliyochanganywa na maji, kemikali ambayo mafundi tuliiita MEA. Kemikali hiyo ilinasa hewa ukaa, ikasukumwa kwenda mnara wa pili, ikachemshwa mpaka ikaiachia gesi ikiwa safi, nayo ikarudi mnara wa kwanza kuanza upya. Gesi ile ndiyo iliyokuwa ikitiwa kwenye soda.

Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza mnara wa pili unakula joto kiasi gani, na sababu ni rahisi kuielewa. Kilo moja ya dizeli ikiungua hutoa takribani kilo 3.1 za hewa ukaa pamoja na megajuli 43 za joto. Kwa hiyo, tulipochoma dizeli ya kutosha kutoa tani moja ya hewa ukaa, tulikuwa na joto la karibu gigajuli 14 mkononi, ilhali mnara wa pili ulihitaji robo tu ya kiasi hicho. Joto lilikuwa la ziada, na kitu cha ziada hakipimwi.

Leo mtambo wa aina hiyohiyo, ambao msingi wake ni hataza aliyopewa R. R. Bottoms nchini Marekani mwaka 1930, unatajwa kama njia ya kusafisha moshi wa mitambo ya umeme na viwanda vya saruji. Huko hesabu inageuka kabisa, kwa sababu joto si ziada tena, ni bidhaa yenyewe. Kila mvuke unaopelekwa kwenye mnara wa pili ni mvuke ambao haukuzungusha tabaini ya kuzalisha umeme. Kwa mtambo wa makaa ya mawe unaonasa asilimia 90 ya hewa ukaa yake kwa MEA, hasara hiyo hufikia kati ya moja ya tano na theluthi moja ya umeme wote ambao mtambo ungeuza. Ndiyo maana nimeanzisha uzi huu: nataka tulifuatilie hilo joto hatua kwa hatua, tujue linakwenda wapi, kabla hatujaanza kusifia kemikali mpya kila inapotangazwa.

Chukueni kilo moja ya mchanganyiko wenye MEA asilimia 30 na maji asilimia 70. Ndani yake mna takribani moli 4.9 za MEA. Katika uendeshaji wa kawaida kila moli hutoka mnara wa pili ikiwa bado imebeba moli 0.2 za hewa ukaa, na hutoka mnara wa kwanza ikiwa na 0.5, kwa hiyo mzigo unaosafirishwa kweli katika kila mzunguko ni moli 0.3 tu. Hizo ni gramu 65 kwa kila kilo ya mchanganyiko. Ili kupata tani moja ya hewa ukaa, basi, ni lazima tuzungushe zaidi ya tani 15 za kimiminika, tukizipasha joto kutoka nyuzi 45 hivi hadi nyuzi 120 na kuzipoza tena.

Kupasha kimiminika hicho peke yake, kama kusingekuwa na kibadilisha joto kati ya minara miwili, kungekula zaidi ya gigajuli 4 kwa tani. Kibadilisha joto ndicho kinachotuokoa, kwa kuwa kimiminika cha moto kinachotoka mnara wa pili humpasha mwenzake anayeingia. Kikibaki na pengo la nyuzi 10 tu kati yao, gharama hiyo hushuka hadi gigajuli 0.57. Kila nyuzi moja ya pengo hilo ni karibu gigajuli 0.06 kwa tani. Hili nililijua kwa mikono kabla sijalijua kwa kalamu: bamba za kibadilisha joto chetu zilipoziba kwa masizi na mabaki ya kemikali, pengo lilipanda hadi nyuzi 22, na ingawa mtambo haukusimama, nilikuwa nikilipa joto zaidi ya maradufu kwa kazi ileile.

Sehemu ya pili ni kifungo chenyewe. MEA huishika hewa ukaa kwa nguvu: molekuli mbili za MEA hushirikiana kushika moja ya hewa ukaa, na kukifungua kifungo hicho kunahitaji kilojuli 85 hivi kwa moli, yaani gigajuli 1.9 kwa tani. Hapo ndipo karibu kila makala ninayosoma huishia, kana kwamba habari imekwisha.

Lakini ipo sehemu ya tatu, nayo ndiyo inayonikera zaidi. Mnara wa pili unapochemka, hewa ukaa haitoki peke yake. Inatoka na mvuke wa maji, na mvuke huo ndio unaoisukuma gesi juu na kuifanya iachane na kimiminika. Kwa kila tani ya hewa ukaa huchemka takribani nusu tani ya maji ambayo hupanda mpaka kileleni, hukutana na maji baridi ya kupozea, hugeuka matone na kurudi. Joto lake fiche, gigajuli 1.1 hivi, linaishia kwenye mnara wa kupozea na kupeperushwa hewani. Ukijumlisha zote tatu unapata gigajuli 3.6 kwa tani, namba ambayo mitambo halisi ya MEA huizungukia.

Sasa linganisheni. Kazi ndogo kabisa ambayo kanuni za fizikia zinadai ili kutenganisha tani moja ya hewa ukaa kutoka moshi wenye asilimia 12 ya gesi hiyo ni gigajuli 0.18. Tunatumia mara ishirini. Naomba michango.

Fundi Boila Temeke

Mkuu, nashukuru kwa uzi wenye hesabu. Mimi ni mtu wa boila, na kitu cha kwanza tunachofundishwa ni kutovukiza maji ambayo huna haja nayo. Kama asilimia 70 ya mchanganyiko ni maji, na maji ndiyo yanayokula joto kwa kupashwa na kwa kuvukizwa, kwa nini MEA isiongezwe hadi asilimia 60 au 70?

Mnara wa Pili

Ndugu yangu, swali lako ndilo lililowasumbua wahandisi tangu mwanzo. MEA ikizidi asilimia 30 pamoja na joto na hewa ukaa, chuma cha kawaida huliwa. Sisi wenyewe, hata kwa asilimia hizo, tulibadilisha kiwiko cha bomba la mnara wa pili zaidi ya mara moja, na kila tulipokitoa kilikuwa kimeliwa kwa ndani kwenye mkunjo. Vilevile mchanganyiko unakuwa mzito kama asali, na kimiminika kizito hakipokei joto vizuri kwenye bamba wala hakiinyonyi gesi upesi. Unaokoa kwenye maji, unapoteza kwenye ukubwa wa vifaa.

Hata hivyo, wazo lako halijaachwa. Kuna vifyonzi, yaani vimiminika vya kunasa gesi, vyenye maji kidogo sana, ambavyo nafasi ya maji huchukuliwa na kimiminika kisichovukika kirahisi. Ugumu wake ni uzito niliousema, na pia kwamba moshi wenyewe huja na unyevu: usipoudhibiti, maji yanajikusanya ndani ya mzunguko na baada ya muda unarudi ulikotoka. Njia nyingine inanivutia zaidi. Taasisi ya IFPEN ya Ufaransa imetengeneza kifyonzi kiitwacho DMX ambacho, kikishabeba hewa ukaa na kupashwa, hujigawa tabaka mbili kama mafuta na maji. Tabaka lenye mzigo ndilo pekee linalopelekwa mnara wa pili, lile jingine linarudi moja kwa moja. Kimejaribiwa kwenye kiwanda cha chuma huko Dunkirk. Ukikumbuka zile tani 15, utaona mara moja uzuri wa kutolazimika kuzichemsha zote.

Mwalimu wa Kemia

Mleta uzi, naheshimu uzoefu wako, lakini naona umeipita haraka sehemu iliyo kubwa kuliko zote. Katika gigajuli zako 3.6, zaidi ya nusu ni kifungo. Kwa hiyo dawa iko wazi: tafuta kemikali yenye kifungo dhaifu. Amini (kundi la kemikali ambamo MEA nayo imo) za daraja la tatu, kama methildiethanolamini, haziishiki hewa ukaa moja kwa moja, bali husaidia maji kuigeuza kuwa bikaboneti. Kifungo kinashuka hadi kilojuli 60 hivi kwa moli, na molekuli moja ya amini inatosha kwa molekuli moja ya hewa ukaa badala ya mbili. Kaboneti ya potasiamu iko chini zaidi, karibu na 30, na ni chumvi ya bei nafuu isiyovukika. Nawafundisha wanafunzi wangu wa kidato cha sita kwamba kifungo dhaifu huvunjwa kwa nishati ndogo. Nimekosea wapi?

Mnara wa Pili

Mwalimu, kuhusu kifungo hujakosea. Nami niliamini hivyohivyo kwa muda mrefu, mpaka nilipokaa na kuihesabu sehemu ya mvuke. Naomba tuende polepole hapa, kwa sababu hii ndiyo roho ya jambo lote.

Sisi tunatumia tofauti ya jotoridi: tunanasa kwenye nyuzi 40, tunaachia kwenye nyuzi 120. Kinachotufaa ni kwamba kanieneo ya hewa ukaa juu ya kimiminika iongezeke sana kati ya jotoridi hizo mbili. Na kiasi cha ongezeko hilo kinategemea kifungo: kadiri kifungo kilivyo na joto jingi, ndivyo kimiminika kinavyoitikia zaidi kinapopashwa. Kwa kifungo cha kilojuli 85, kanieneo ya hewa ukaa huongezeka zaidi ya mara 700 kutoka nyuzi 40 hadi 120. Kwa kifungo cha 60 huongezeka mara 110 hivi. Kwa kifungo cha 30, mara 10 tu.

Sasa tazama maji. Kanieneo ya mvuke wa maji kati ya jotoridi hizohizo huongezeka mara 27. Maana yake ni kwamba kwenye kaboneti ya potasiamu, unapopandisha joto, maji yanaharakisha kutoka kuliko hewa ukaa unayoitaka! Utachemsha, utapata mvuke mwingi na gesi kidogo, na zile gigajuli ulizookoa kwenye kifungo utazilipa zote, pengine na zaidi, kwenye maji yanayopanda kileleni bure. Kwa MEA, hewa ukaa inayashinda maji mbio. Kifungo kikali kinakudai joto, lakini kinakulipa kwa gesi yenye kanieneo kubwa na mvuke mdogo.

Ndiyo maana mbinu ya kaboneti ya moto, iliyobuniwa na Benson na Field huko Marekani katika miaka ya 1950, inafanya kazi nzuri sana kwenye viwanda vya amonia, ambako gesi inakuja ikiwa tayari na kanieneo kubwa. Huko wananasa kwa kanieneo ya juu na kuachia kwa kuishusha, bila kutegemea sana tofauti ya jotoridi. Moshi wa bomba letu una kanieneo ya hewa ya kawaida tu. Hauna pa kushushwa.

Mwalimu wa Kemia

Nimeirudia hesabu hiyo kwa kalamu yangu na nimepata namba zako. Nakubali kwamba kifungo peke yake hakitoshi kuwa kipimo. Lakini basi inafuata kwamba tutafute kifungo kikali kinachoweza kustahimili jotoridi la juu zaidi ya nyuzi 120, ili tofauti iwe kubwa zaidi. Je, MEA haiwezi kupandishwa hadi 150?

Mnara wa Pili

MEA haiwezi, Mwalimu. Ikipita nyuzi 120 hivi huanza kujiharibu, molekuli zinaungana na kutoa uchafu mweusi usionasa kitu. Piperazini, amini nyingine, ndiyo inayoweza. Gary Rochelle na wenzake katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin wameifanyia kazi kwa miaka mingi: ina kifungo cha takribani kilojuli 70, huinyonya hewa ukaa upesi kuliko MEA karibu maradufu, na inastahimili nyuzi 150. Kwa kuwa inaachia gesi ikiwa na kanieneo kubwa, hata kikandamizi kinachofuata, kile cha kuishindilia gesi, kinafanya kazi ndogo. Kasoro yake ni kwamba huganda ikipoa sana au ikiwa nyingi mno, kwa hiyo mwendeshaji hawezi kulala.

Kuna na hila ya mabomba ambayo naipenda kwa sababu haihitaji kemikali mpya. Badala ya kupeleka kimiminika chote kwenye kibadilisha joto, sehemu ndogo yake inachepushwa ikiwa bado baridi na kukutanishwa na mvuke ule unaopanda kileleni. Mvuke unageuka matone kwa kukipasha kimiminika chetu badala ya kuyapasha maji ya kupozea, na joto lake fiche linarudi kazini. Kwa piperazini, pamoja na mpangilio huo, joto limeshuka hadi kati ya gigajuli 2.1 na 2.5 kwa tani. Kifungo bado kipo palepale. Kilichookolewa ni mvuke.

Jotoridi

Samahani kwa kuingilia kati. Mleta uzi, mwishoni mwa andiko lako la kwanza umelinganisha gigajuli 3.6 na 0.18 ukasema mara ishirini. Hapo umechanganya vitu viwili. Namba ya 0.18 ni kazi, sawa na umeme. Namba ya 3.6 ni joto la mvuke wa nyuzi 130 hivi. Gigajuli moja ya mvuke wa aina hiyo, kama ingebaki kwenye tabaini, ingetoa umeme wa robo gigajuli au chini yake. Kwa hiyo hasara ya kweli ni karibu gigajuli 0.9, na uwiano ni mara tano. Kosa hili si dogo, kwa sababu linafanya mbinu za umeme mtupu zionekane nafuu kuliko zilivyo.

Pia lina upande wa pili. Ukipandisha jotoridi la mnara hadi 150, kama mnavyosifia, kila gigajuli ya mvuke huo ni ghali zaidi, kwa sababu ingeweza kuzalisha umeme mwingi zaidi. Gigajuli 2.3 za nyuzi 150 hazipaswi kulinganishwa moja kwa moja na 3.6 za nyuzi 120.

Mnara wa Pili

Umenisahihisha vizuri, Ndugu Jotoridi, na ninaacha andiko la kwanza kama lilivyo ili wasomaji waone marekebisho yako. Piperazini bado inashinda ukihesabu kwa umeme, kwa sababu inaokoa na kazi ya kikandamizi, lakini ushindi wake ni mdogo kuliko namba za joto zinavyoonyesha.

Hoja yako inanipeleka kwenye jambo nililotaka kulifikia. Kama joto lina daraja, basi joto la bei nafuu kuliko yote ni lile ambalo limekwisha kufanya kazi yake na linatupwa. Huko Brevik, Norwei, kiwanda cha saruji cha Heidelberg Materials kilizindua mwaka 2025 mtambo wa amini wa kunasa tani 400,000 kwa mwaka, ambayo ni karibu nusu tu ya hewa ukaa yake. Nusu hiyo ilichaguliwa kwa kupima joto la taka lililopo. Hawakujenga boila kubwa ili kunasa yote. Walinganishe na Petra Nova, Texas, mradi wa kunasa hewa ukaa ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, ambako mwaka 2017 ilibidi uwepo mtambo mwingine wa gesi pembeni kwa ajili ya kuupa ule wa kunasa mvuke na umeme.

Sisi hapa tuna kiwanda cha saruji Wazo Hill, Tegeta. Moshi wa saruji una hewa ukaa asilimia 20 hivi, ilhali wa tabaini za gesi kama za Kinyerezi una asilimia 4 na oksijeni nyingi inayoiharibu amini. Na zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya saruji inatoka kwenye jiwe la chokaa lenyewe, kwa hiyo hata tungebadili kuni, mafuta na gesi zote, bado ingetoka. Nikiulizwa tuanzie wapi, nitasema Tegeta.

Tanuri

Mkuu, nimefanya kazi kwenye viwanda vya saruji, na napenda unavyofikiri, lakini hesabu ikae mezani. Tani moja ya klinka, yaani vipande vinavyotoka tanurini kabla ya kusagwa kuwa saruji, hutoa tani 0.85 hivi za hewa ukaa. Kwa MEA yako hiyo ni gigajuli 3 za joto. Tanuri lenyewe linatumia kati ya 3.3 na 3.5 kwa tani ya klinka. Unaomba joto karibu sawa na la tanuri zima.

Kuhusu joto la taka: moshi unaotoka kwenye minara ya kupashia malighafi una nyuzi 300 hadi 350, na ukiuona kwenye karatasi utasema ni utajiri. Ukweli ni kwamba hautupwi. Unapelekwa kwenye kinu cha kusagia ili ukaushe mawe ya chokaa na udongo. Huko Ulaya wanapambana na unyevu wa theluji, sisi tunapambana na masika. Machi hadi Mei mawe yanakuja yakiwa yamelowa, udongo unanata kwenye mikanda, na kinu kinachukua moshi wote kilichopewa na bado kinaomba. Kiangazi unaweza kuwa na ziada. Masika huna.

Mnara wa Pili

Hili sikuwa nimelipima, na nakushukuru kwa dhati. Naomba uniambie jambo moja: wakati wa masika, moshi ukishapita kwenye kinu, unatoka ukiwa na nyuzi ngapi?

Tanuri

Tisini na kitu, mara chache 110. Huo hauwezi kuchemsha mnara wako wa pili, hata ungetumia bamba bora namna gani. Joto lisiloguswa na mvua ni la kipoza klinka. Klinka inaingia ikiwa na zaidi ya nyuzi 1,200, inapulizwa hewa, na ile hewa isiyorudi tanurini inatoka nje ikiwa na nyuzi 250 hadi 300. Hiyo ni kavu mwaka mzima, na haina dioksidi ya salfa ya kuharibu kemikali yako, ila ina vumbi linalokwangua kama msasa.

Mnara wa Pili

Basi nitaanza hesabu upya kutoka kwenye kipoza klinka, kwa ukubwa wa mnara utakaoweza kuendeshwa Aprili na si Septemba. Ndugu Tanuri, kama una kumbukumbu ya kilo za hewa inayotupwa nje kwa kila kilo ya klinka katika viwanda ulivyopitia, bila kutaja kiwanda, iweke hapa. Mwalimu, nakuomba unisaidie upande wa piperazini, kwa joto hilo la nyuzi 250 tunaweza kumudu nyuzi 150 za mnara kwa urahisi, na swali litakuwa ni tani ngapi tu.

Tanuri

Kwa tanuri nililolifahamu zaidi ilikuwa karibu kilo moja ya hewa kwa kilo moja ya klinka. Ukiishusha kutoka 270 hadi 170 unapata gigajuli 0.1 kwa tani ya klinka. Gawa mwenyewe.

Mnara wa Pili

Kwa gigajuli 2.3 kwa tani, hiyo ni kilo 43 za hewa ukaa kati ya 850. Asilimia tano. Nimeiandika.